Umri wa Kitabu na Umri wa Kifaa: Funzo Kutoka Historia ya Maandishi ya Kiswahili

Utangulizi

Suala la vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki hujitokeza mara kwa mara katika mijadala ya walimu wa Kiswahili nchini Burundi. Hoja huwa ni hii: vitabu vya Kiswahili ni vichache shuleni, bei yake ni kubwa, na vingi hutoka nje ya nchi. Kifaa kimoja kinachoshikika mkononi kinaweza kubeba maktaba nzima. Kwa nini basi tuendelee kuhangaika na karatasi? Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwalimu anayefundisha Buraza, kusini mwa Gitega, au Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania, anajua maana ya kufundisha riwaya akiwa na nakala moja tu, aliyoishika yeye mwenyewe mbele ya darasa.

Makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kwa jicho la historia. Tunauliza: kitabu kilichochapishwa huishi miaka mingapi, na kifaa cha kielektroniki huishi miaka mingapi? Tutaona kwamba swali hili lina sehemu mbili ambazo aghalabu huchanganywa, yaani umri wa chombo na umri wa matini iliyomo ndani yake. Dai letu ni kwamba matini haihifadhiwi na uimara wa chombo peke yake. Huhifadhiwa na wingi wa nakala, na kuwepo kwa watu wenye uwezo na ruhusa ya kuzinakili tena. Historia ya Kiswahili chenyewe inatupa ushahidi wa kutosha.

Maneno kitabu, chuo na kifaa

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, tuanze na maneno. Kitabu ni neno lenye asili ya Kiarabu ambalo Kiswahili kililipokea, likaingia katika ngeli ya ki-vi kana kwamba lilizaliwa humo. Kirundi nacho kina igitabo na ibitabo, kina ikaramu kwa maana ya kalamu. Ni alama za njia ambayo maandishi yalipitia hadi kufika huku kwetu.

Lakini Kiswahili cha kale kilikuwa na neno jingine, nalo ni chuo. Chuo kilikuwa ndicho kitabu. Ndiyo maana Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Mtoto aliyepelekwa chuoni alipelekwa mahali kinaposomwa kitabu, na baadaye jina la kitu likawa jina la mahali. Kwa hiyo kila tunaposema "chuo kikuu" tunatamka, pasipo kukusudia, "kitabu kikubwa". Vyuo vingi vya kale vimeoza na kupotea, lakini neno limebaki.

Kuhusu kifaa, hatuzungumzii simu wala kishikwambi. Tunazungumzia kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kusoma tu, ambacho ukurasa wake hutokana na wino wa kielektroniki. Skrini ya namna hiyo haing'ari, husomeka vizuri juani, na hutumia umeme hasa pale ukurasa unapogeuzwa. Kwa sababu hiyo betri yake huweza kukaa wiki kadhaa bila kuchajiwa. Kwa nchi kama yetu, ambayo ni miongoni mwa nchi zenye idadi ndogo kabisa ya watu waliofikiwa na umeme duniani, sifa hiyo ni kubwa.

Karatasi zilizovuka karne

Maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa tunayoyajua ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Leo zimehifadhiwa katika nyaraka za kihistoria za Goa, India. Zimedumu zaidi ya miaka 300. Haikuwa kwa sababu Kilwa ilikuwa na karatasi bora kuliko miji mingine. Ni kwa sababu ziliangukia mikononi mwa ofisi yenye desturi ya kutunza karatasi zake. Barua ngapi za wakati huo zilibaki katika nyumba za pwani, zikaliwa na mchwa na unyevu?

Pwani si rafiki wa karatasi. Joto, chumvi ya bahari, mvua na wadudu huila kwa miaka michache tu. Watu wa Pate na Lamu waliujua ukweli huo, nao hawakutegemea karatasi moja idumu milele. Walinakili. Mswada uliochakaa ulitoa mswada mpya kabla haujafa. Kwa hiyo tunapozitaja tungo za karne ya 18, mara nyingi tunazisoma katika nakala zilizoandikwa muda mrefu baada ya mtunzi kufariki.

Mifano ipo mingi, tutaje miwili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mashairi yake hayakuwahi kuchapishwa akiwa hai. Yalikaa vinywani mwa watu na katika karatasi za wachache. Mwalimu Sikujua, ambaye naye alikuwa mtu wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaandika, yakafika kwa mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zilipelekwa London, katika chuo tunachokijua leo kwa jina la SOAS. Hatimaye William Hichens alizitumia kuchapisha diwani ya Muyaka mjini Johannesburg mwaka 1940. Kutoka kifo cha mshairi hadi kitabu ilipita karne nzima. Pangekosekana mtu mmoja tu katika mnyororo huo, wanafunzi wetu wasingekuwa na cha kusoma.

Mfano wa pili ni utendi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858. Ulikuwa wosia wa mama kwa mwanawe, si kazi iliyokusudiwa kwenda sokoni. Wanawake wa Lamu waliupenda, wakaunakili na kuusoma; mwaka 1934 Alice Werner na Hichens wakautoa kitabu. Hapa inatupasa tumtaje pia Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Mshairi huyu, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri aliwanakilia wataalamu wa Ulaya miswada mingi, na leo kazi za mkono wake zimo katika hifadhi za Uingereza na Ujerumani. Mnakili mmoja ameziokoa tungo nyingi kuliko kabati lolote.

Enzi ya chapa na udhaifu wake

Mashine ya kuchapia iliongeza nguvu ile ile ya kunakili. Edward Steere, aliyesimamia uchapaji wa misheni yake kisiwani Unguja, alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870. Kamusi ya Krapf ilitoka London mwaka 1882, mwandishi akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli mjini Göttingen mwaka 1903. Wakati huo Burundi ilihesabiwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya ofisi za serikali. Wajerumani walipojenga boma lao Gitega mwaka 1912, Kiswahili kilikuja nao. Gazeti la Kiongozi lililochapwa Tanga ni la enzi hiyo hiyo.

Mtu anayekutana leo na nakala ya Velten ya mwaka 1903 anahitaji kujua kusoma, basi. Hahitaji mashine ya mwaka 1903, wala ruhusa ya mchapishaji, wala waya wa namna fulani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilirudiwa kuchapwa kwa miongo mingi, na nakala kuukuu bado zinafanya kazi mezani. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, naye mwandishi akafariki mwaka 1962. Hadi leo tunaifundisha.

Hata hivyo tusiisifu karatasi kupita kiasi. Tangu katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi zimetengenezwa kwa mbao na kutiwa kemikali zenye asidi. Asidi hiyo huila karatasi kutoka ndani: huwa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha hukatika kama jani kavu. Vitabu vingi vya namna hiyo hudhoofika ndani ya miaka 50 hadi 100. Kiwango cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706, kilitolewa mwaka 1994 kwa sababu ya tatizo hilo.

Halafu kuna moto. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliteketeza sehemu ya maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya mkusanyiko wake wa vitabu kuhusu Afrika ikaangamia. Kile kilichokuwa kimepigwa picha za kidijitali kilibaki walau kama picha. Tukio hilo lilionyesha wazi kwamba kitabu chenye nakala moja tu duniani kipo hatarini hata kikiwa cha karatasi nzuri na ndani ya jengo zuri.

Tena tuzingatie kwamba umri wa kitabu kabatini si umri wa kitabu darasani. Kitabu cha kiada kinachopita mikononi mwa watoto watatu au wanne kila siku, kikabebwa kwenye mvua ya Machi, huchoka ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Walimu hukifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji au kalenda ya mwaka uliopita, hukishona kwa uzi, hukigandisha kwa gundi. Lakini angalia namna kinavyokufa: hupoteza jalada, kisha kurasa nane za mwanzo, kisha za mwisho. Kilichobaki bado kinafundisha. Kitabu hufa polepole, na hata nusu yake ina faida.

Historia fupi ya vifaa

Sasa tugeukie vifaa. Mwaka 1998 zilitoka nchini Marekani Rocket eBook na SoftBook, vifaa vya kwanza vya namna hii kuuzwa kwa watu wa kawaida. Kampuni ya Gemstar ilizinunua kampuni zote mbili mwaka 2000, na kufikia mwaka 2003 ilikuwa imeacha biashara hiyo. Tangu mwanzo hadi mwisho ni miaka mitano. Mwaka 2004 Sony ilitoa Librié nchini Japani, kifaa cha kwanza sokoni kutumia wino wa kielektroniki. Vitabu vyake vilikuwa vya kukodi: baada ya siku 60 havikufunguka tena.

Kindle ya Amazon ilitoka Novemba 2007 kwa bei ya dola 399, na ndiyo iliyolieneza jambo hili duniani. Mwezi Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka katika vifaa vya wateja wake vitabu viwili vya George Orwell, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha, na baadaye kampuni iliomba radhi. Lakini jambo moja lilikwisha dhihirika: muuzaji aliweza kuingia katika rafu ya msomaji na kutoa kitabu. Kitabu kimojawapo kilikuwa 1984, riwaya inayohusu serikali inayofuta maandishi ya jana.

Yaliyofuata ni ya mkondo huo huo. Sony ililifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki huko Marekani na Kanada mwaka 2014, ikawahamishia wateja kwa Kobo. Microsoft ililifunga lake mwaka 2019. Vitabu vilivyonunuliwa vilitoweka na fedha zikarudishwa. Amazon ililifunga duka la Kindle nchini China mwaka 2023. Hakuna kitabu hata kimoja katika hivyo kilichooza au kuliwa na mchwa. Viliondoka kwa uamuzi wa biashara.

Mfano unaopendwa sana na watunza nyaraka ni wa Uingereza. Mwaka 1086 nchi iliandikishwa kwa amri ya mfalme William, na kitabu cha uandikishaji huo, Domesday Book, kilichoandikwa kwenye ngozi, kinasomeka hadi leo mjini London. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, BBC ilitengeneza Domesday mpya kwa msaada wa watu zaidi ya milioni moja, ikahifadhiwa katika diski za leza zilizohitaji mashine maalumu. Haikupita hata miaka 20 kabla mashine za kuzisoma hazijawa adimu, ikabidi watafiti wa vyuo vikuu wafanye kazi ya uokozi mnamo 2002. Ngozi ya kondoo iliishinda diski.

Vifaa katika shule za Afrika

Je, hali ikoje katika madarasa yanayofanana na yetu? Shirika la Worldreader lilianza kupeleka Kindle katika shule za Ghana mwaka 2010, na baadaye likafika Kenya, Uganda na Tanzania. Nchini Kenya vifaa viliwekwa pia katika maktaba za umma. Majaribio ya Ghana ya 2010 na 2011 yalifanyiwa tathmini. Kwa upande wa faida, watoto ambao hawakuwa na vitabu walipata vingi kwa mara moja, nao walisoma. Kwa upande wa hasara, kati ya vifaa takriban 600, asilimia 40.5 viliharibika. Tatizo kubwa lilikuwa skrini, ambayo ni nyembamba na haivumilii kuanguka wala kukaliwa. Baadaye zilitafutwa namna za kuviimarisha, na shirika likaelekeza pia nguvu kwenye simu ambazo wazazi walikuwa nazo tayari.

Kifaa kikitunzwa vizuri huweza kuishi miaka mitano, hata kumi. Betri ya lithiamu huanza kuchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa. Tusiseme basi kwamba kifaa hakidumu kabisa. Darasani kinaweza hata kulingana na kitabu cha kiada kwa miaka. Tofauti ipo katika namna ya kufa. Kifaa kikianguka kwenye sakafu ya darasa la Buraza, vitabu vyote vilivyomo hufungika siku hiyo hiyo, na fundi wa kubadili skrini yake hapatikani kirahisi.

Tofauti nyingine ni idadi ya vitu vinavyotegemewa. Kitabu kinahitaji mwanga na msomaji. Kifaa kinahitaji betri nzima, umeme, chaja ya aina yake, programu inayokubali faili lile, akaunti iliyo hai na kampuni ambayo bado inataka biashara hiyo. Kila kimoja kati ya hivyo kina umri wake, na umri wa kusoma unakuwa sawa na umri wa kilicho kifupi kuliko vyote. Walimu waliohifadhi mitihani yao katika disketi wanaelewa tunachosema: disketi huenda ni nzima, lakini kompyuta ya leo haina pa kuiingizia.

Mnakili mpya

Ingekuwa kosa kuhitimisha hapa kwamba teknolojia ni adui. Miswada ile ya Kiswahili iliyoko SOAS imeorodheshwa, na sehemu yake imewekwa mtandaoni kwa picha. Mwanafunzi aliyeko Gitega mwenye intaneti anaweza kuutazama mkono wa mnakili wa Lamu bila kupanda ndege. Hata J. W. T. Allen, aliyekusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam na kuchapisha orodha yake mwaka 1970, asingeweza kuota urahisi huo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba picha hizo hazikufungwa ndani ya kifaa kimoja. Faili lisilo na kufuli, la maandishi ya kawaida au PDF, linaweza kuhamishwa kutoka kompyuta hadi nyingine, kuchapwa na kugawanywa. Mradi wa Gutenberg ulianza nchini Marekani mwaka 1971, kabla ya vifaa hivi vyote, na maandishi yake ya mwanzo bado yanasomeka kwa sababu yananakilika. Faili huru ndilo mrithi wa Kijuma. Kitabu kilichofungwa kwa kufuli ya duka hakina mnakili. Kina mlinzi tu, na mlinzi huyo siku moja ataacha kazi.

Hitimisho na mapendekezo

Tangu Kiswahili kilipoanza kufundishwa katika shule zetu za msingi katikati ya miaka ya 2000, na Burundi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, mahitaji ya vitabu yamekuwa makubwa kuliko uwezo wa kuvinunua. Fedha kidogo inayopatikana itatumika ama kwa karatasi ama kwa vifaa, na uamuzi mbaya utamgharimu mtoto wa shule ya msingi ambaye hana namna nyingine ya kukutana na Kiswahili kilichoandikwa. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, vitabu teule vya fasihi na kamusi vinunuliwe kwa karatasi kabla ya kifaa chochote. Hivyo ndivyo vinavyohitajika kila mwaka na katika kila shule, penye umeme na pasipo na umeme.

Pili, anayetaka kutupa au kutuuzia vifaa aulizwe maswali manne. Je, vitabu vitabaki vyetu duka likifungwa? Je, faili linaweza kunakiliwa? Nani atabadilisha skrini na betri? Je, kitachajiwa kwa umeme wa jua mahali kama Buraza? Penye majibu mazuri tupokee kwa mikono miwili, hasa kwa maktaba na kwa mafunzo ya walimu, ambako kifaa hakipiti mikononi mwa watoto mia.

Tatu, tasnifu za wanafunzi wetu kuhusu Kiswahili cha Burundi zisiachwe katika nakala moja. Kila tasnifu iwe na nakala za karatasi katika miji miwili tofauti, na faili lisilo na kufuli mahali pa tatu. Moto wa mahali pamoja hauwezi kuchoma miji miwili.

Nne, wanafunzi wanaotoka Gitega, Muyinga na Buyenzi wawaulize wazee wao kama nyumbani kuna barua, madaftari au vitabu vya zamani vya Kiswahili. Waombe ruhusa, wavipige picha, waandike tarehe na mahali, kisha wavirudishe kwa wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuna madaftari ambayo bado hatujayahesabu.

Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa walimu waliokwisha kutumia vifaa hivi darasani, wanakaribishwa kutuandikia ili mjadala huu uendelee katika matoleo yajayo.